Sauti ya Tangazo la Sabuni

Jumatatu, 4 Machi

Daftari hili lilikuwa la vipimo vya makochi. Kurasa saba za mwanzo zimejaa upana na urefu. Zilizobaki nazichukua mimi. Watu wakubwa wote huandika mambo yao ya siku, na mimi sioni kwa nini nibaki nyuma. Niliishia darasa la sita, lakini darasa la sita la enzi zetu lilikuwa zito. Mwalimu alikuwa akitoa swali la hesabu, yeye mwenyewe anatoka jasho.

Leo kazi ndogo. Kochi la watu watatu, springi mbili zimekufa. Simu nimeiegemeza kwenye kopo la gundi nikawa naangalia kava. Kava ni hivi: unachukua wimbo wa mtu, unauimba kwa koo lako, unauweka kwenye intaneti, dunia inakuhukumu. Leo nimeona mapacha wanaimba ndani ya lifti. Mlango ukifunguka wananyamaza, watu wanaingia, wanatoka — mlango ukijifunga wanaendelea pale pale walipoachia. Nimeirudia mara tisa. Nimewaandikia chini yake: pacha wa kushoto aongeze pumzi. Watu wanne wamenipa laiki.

Halafu matangazo. Mwenzangu wa cherehani, tunamwita Mama Pindo, anasema mimi ndiye mtu pekee anayeruka wimbo ili afike kwenye tangazo. Ni kweli. Kuna moja la rangi ya ukuta: bibi kizee anapaka rangi, anafika kwenye ufa, ufa haufunikiki. Anatulia. Anauchorea majani, ufa unakuwa mti. Basi. Hakuna aliyesema neno, mwisho unaona kopo la rangi. Aliyeliwaza lile, kichwa chake si cha kulalia mto wa kawaida.

Na mimi matangazo nayajua kwa ndani. Lile la sabuni ya kipande, la miaka thelathini iliyopita, lililopigwa redioni mpaka kuku wakalijua — Sugua, suuza, anika, jua limalizie — sauti ile ni yangu. Naandika hapa ili ibaki kwenye maandishi.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, amepiga simu mchana. Anataka kulifanyia kava. Nimemwambia ruhusa umepewa.

Jumatano, 6 Machi

Ameliweka.

Mpwa wangu tunamwita Kasuku, kwa sababu tangu mdogo akisikia wimbo mara moja anakurudishia wote. Ana miaka ishirini na sita. Anakaa mapokezi kwenye kliniki ya meno, anawaambia watu wasubiri. Akitoka huko anaimba. Miaka mitatu anaimba kava na wafuasi wake ni mia mbili na kumi na mbili, mmoja ni mimi, mwingine ni mimi tena kwa simu ya zamani.

Safari hii ameimbia kwenye ngazi za jengo lao, ghorofa ya pili, ambako kuta zinarudisha sauti. Hana gita, hana chochote. Ameketi kwenye ngazi na beseni la nguo, anasugua shati halisi, na mdundo ni ule msuguo wenyewe. Nilikaa chini kabisa. Lile tangazo lilikuwa la kuuza sabuni, yeye amelifanya kama mtu anayefua shati la mtu anayemkumbuka.

Chini ameandika: Sauti ya kwanza niliyoipenda duniani. Ya mjomba wangu.

Kanipigia, anasema mjomba usikasirike nimekutaja. Nikamwambia mimi nimetajwa na watu wakubwa kuliko wewe. Tukacheka.

Mikono yangu ilikuwa baridi baada ya hapo. Labda gundi.

Alhamisi, 7 Machi

Elfu arobaini wameangalia! Tangu jana!

Kinyozi amenisimamisha barabarani, ananishika bega kama mtu aliyemwona rais. Mwenye karakana, ambaye huniambia neno kwa mwezi mara moja, amekuja na simu yake: kumbe kweli ni wewe, Chumvi? Hilo ndilo jina langu hapa. Wanasema natia chumvi kwenye maneno. Wivu tu.

Mama Pindo hakusimamisha cherehani. Akasema, "Basi imba. Mstari mmoja. Tusikie."

Nikamjibu ninavyowajibu wote. Siku ile studio niliimba mpaka kioo cha dirisha kikapata ufa, nyuzi za koo zikakatika mbili, daktari akanikataza kuimba maisha yangu yote. Mama Pindo akaniuliza nyuzi za koo ziko ngapi. Nikasema sita, kama gita.

"Zimebaki nne," akasema. "Imba na nne."

Nikajifanya nimepaliwa na vumbi la sponji.

Jumamosi, 9 Machi

Sijala tangu asubuhi.

Chini ya video kuna maoni zaidi ya elfu mbili. Nayasoma yote, mimi ndivyo nilivyo. Kuna mmoja hana picha, ni kile kichwa cha kijivu kisicho na uso. Jina lake ni namba tu. Ameandika mstari mmoja:

Siku ile mvua ilivuja, tukaweka ndoo mbili.

Nimeusoma nikiwa nimeshika stepla, nikajipiga kidole. Ndoo mbili. Moja ya plastiki, moja ya bati, na ile ya bati ilibidi iwekewe kitambaa kwa sababu ilikuwa inalia kila tone likianguka na inaingia kwenye kurekodi. Mambo ya ndoo sijawahi kumsimulia mtu. Kwenye hadithi yangu hakuna mvua.

Nimesema labda ni bahati. Studio nyingi huvuja.

Saa tisa akaongeza: Muulize mjomba wako alikuwa na misumari mingapi mdomoni.

Kasuku amenitumia hilo na alama za kucheka. Anauliza misumari gani tena mjomba. Nimemjibu mtandaoni kuna wendawazimu wengi. Kisha nimezima simu, nikaiweka chini ya mto wa kochi la mteja, nikaukalia.

Jumapili, 10 Machi

Daftari, nimekudanganya. Ukurasa ule wa Jumatatu. Sijui mtu anaanzaje kudanganya daftari lake mwenyewe ambalo hakuna atakayelisoma, lakini nimeweza.

Sikuimba mimi.

Ilikuwa hivi. Tulikuwa mafundi wawili vijana. Mmoja mimi, mwingine rafiki yangu tuliyemwita Kinanda, kwa sababu hata akikuambia niletee nyundo unahisi kama ameimba. Tulipewa kazi ya kufunika kuta za studio ya kurekodia: sponji, juu yake kitambaa cha kahawia, misumari midogo kila baada ya vidole vinne. Siku ya mwisho walikuja watu wa tangazo la sabuni. Mwimbaji waliyemkodi hakutokea. Mvua. Wamesimama, wanaangalia saa. Na Kinanda yuko juu ya ngazi, hajui kama watu wameingia, anapigilia huku akiimba zake.

Yule mkubwa wao akanyanyua kidole watu wote wanyamaze.

Wakamshusha. Wakampa karatasi ya maneno. Akaimba mara tatu, ya tatu ndiyo ile. Sugua, suuza, anika, jua limalizie. Nilikuwa nimesimama ukutani na misumari kumi na mbili kati ya midomo. Kumi na mbili. Nilipata baridi mgongoni hivi hivi kama ninayoipata sasa.

Mwishoni ikabaki nafasi tupu. Mkubwa akasema hapa tunahitaji mtu anayeondoka na shati lake safi, ameridhika. Afanye nini? Kinanda akaniashiria. Nikatema misumari kiganjani, nikapiga mluzi. Ule mluzi wa mwisho, unaopanda halafu unashuka polepole kama mtu anayekata kona. Huo ni wangu. Huo kweli ni wangu. Mara moja tu, wakasema imetosha.

Tulitoka na mvua. Hakuna aliyeandika majina yetu popote.

Sasa uongo. Dada yangu alilazwa hospitali wiki tatu, akaniachia Kasuku ana miaka mitatu. Mtoto akagoma kula. Siku ya pili, mchana, sahani imepoa, redio ikapiga tangazo. Akanyamaza. Akauliza nani huyo anaimba. Nikasema mimi. Mdomo ukabaki wazi kwa mshangao — nikaingiza kijiko. Akala sahani nzima. Baadaye akaweka kiganja chake kwenye koo langu, anatafuta wimbo ulipo.

Ungemwambia nini? Kesho yake redio ikapiga tena, akala tena. Kilikuwa ni kijiko tu. Sikujua kitafika hapa.

Jumanne, 12 Machi

Mambo yameharibika zaidi, na kila mtu ananipongeza.

Kampuni ya matangazo inayofanya kazi za ile sabuni imemtafuta Kasuku. Wametuita ofisini, ghorofa ya tano, viti vya rangi rangi. Nimevikagua: stepla zinaonekana upande wa chini, kazi ya haraka. Aliyetupokea ni kijana mwenye viatu bila soksi. Kila sentensi yake inaanza na "nina wazo", basi mimi na Kasuku tukamwita Bwana Wazo kabla hatujamaliza maji.

Wazo lake, nakiri, ni zuri. Ndiyo maana linanitisha. Mjomba ameketi ngazini, mzee, ananyamaza. Mpwa anafua shati lake. Mpwa anaimba. Mwishoni mjomba anaimba mstari wa mwisho kwa sauti iliyobaki, hata kama imechakaa — afadhali ikiwa imechakaa. Maandishi: Shati lile lile. Nilisisimka mwili mzima. Ningekuwa mtazamaji ningelia.

Wanampa Kasuku mkataba wa mwaka mzima wa kuimba matangazo yao. Ataacha kuwaambia watu wasubiri. Wakati wanalieleza hilo alinishika mkono chini ya meza kwa nguvu, kucha zake ziliacha alama.

Halafu Bwana Wazo akasema kumbukumbu za zamani zilipotea, hakuna karatasi inayoonyesha nani aliimba. Kwa hiyo nitasaini tamko: mimi fulani ndiye mwenye sauti ile. Kasuku akauliza, na bila tamko? Akajibu kwa upole sana. Watu hawakupenda wimbo tu, walipenda wimbo na mjomba. Bila mjomba hakuna hadithi, bila hadithi hana la kuwapelekea wakubwa wake.

Kurekodi ni Alhamisi ya wiki ijayo.

Kwenye lifti ya kushuka Kasuku akaimba, kama wale mapacha. Mlango ulipofunguka hakunyamaza.

Alhamisi, 14 Machi

Naandika saa ya chakula, nimejifungia stoo kwenye marobota ya sponji. Hapa hata ukipiga kelele husikiki.

Leo simu ililia, kumbe ni mteja anauliza mito yake, nikamwambia mimi sijui chochote. Akasema mito, mzee, mito.

Nataka niandike habari ya kinyozi.

Miaka sita iliyopita. Kwa kinyozi pamejaa, zamu yangu bado, nikaanza kusimulia. Siku hiyo nilikuwa kwenye hali nzuri sana, kioo cha studio kilipasuka chote, mkubwa wa sabuni alipiga magoti. Watu wanacheka, wanashangaa. Nikageukia kioo cha kinyozi ili nijione ninavyosimulia. Ndani ya kioo, kwenye kiti cha tatu, mtu amefunikwa shuka, mapovu mashavuni, macho yamenigandia.

Kinanda.

Hatukuwa tumeonana miaka kumi na kitu. Nikasubiri aseme. Angesema neno moja tu ningekuwa nimekwisha. Hakusema. Nikamaliza hadithi kwa sauti ndogo, nikasema nimesahau funguo, nikatoka na ndevu zangu.

Nilijiambia amenionea huruma. Au amesahau. Mwaka mmoja baadaye fundi mmoja wa vioo akanieleza: Kinanda alikatwa koo, operesheni, kulikuwa na uvimbe. Kapona lakini sauti hana. Pumzi inatokea kwenye tundu shingoni, amelifunika kwa kitambaa cheupe. Akitaka kitu anaandika. Nikahesabu miezi. Siku ile kwa kinyozi, chini ya ile shuka, tayari hakuwa nayo. Hakunyamaza kwa huruma. Alinyamaza kwa sababu nilikuwa nimebeba kitu chake mbele ya macho yake na hakuwa na cha kunizuilia.

Sikwenda kumwona. Miaka mitano, na anakaa mwendo wa nusu saa kwa miguu.

Na kuna jambo ambalo sijamwambia mtu na nitaliandika mara moja tu. Ule uongo wa daktari, wa koo kukatika nyuzi, nilianza kuusema zamani kabla yeye hajaugua. Nilijipa ugonjwa wa uongo. Ukaenda kwake wa kweli. Najua mambo hayaendi hivyo. Najua. Lakini nikimeza mate nasikia kabisa mahali pale.

Ijumaa, 15 Machi

Kasuku alitangaza mtandaoni siku na mahali pa kurekodi! Kwa furaha tu. Wafuasi wake sasa ni elfu tisini, anawaambia kila kitu.

Kichwa cha kijivu kimemwandikia pembeni. Kasuku amekuja na ujumbe huo karakana, kanishikisha simu.

Nitakuja Alhamisi. Sitaki kitu. Nataka kusikia.

"Mjomba, huyu ni nani? Anakujua?"

Mama Pindo alikuwa anakata uzi kwa meno. Akaacha uzi mdomoni.

Nilifungua mdomo, Mungu ananiona, nilifungua. Neno la kwanza lilikuwa Kinanda, lilikuwa limefika ulimini. Kasuku akasema, "Maana wale wa sabuni wamesema mtu yeyote akileta maneno, wanaahirisha. Wameshaumia zamani kwa mambo hayo. Mjomba, wakikuuliza chochote Alhamisi, wewe waeleze kama ulivyonieleza mimi nikiwa mdogo. Vile vile. Mimi nilianza kuimba kwa sababu hiyo, ujue. Nilidhani ni kitu kilichoko kwenye koo la familia."

Akaweka kiganja chake kwenye koo langu, kwa mzaha, kama zamani.

Nikasema huyu ni fundi mmoja tuliyefanya naye kazi. Mtu mwema. Anapenda muziki.

Kila neno la kweli. Sijawahi kusema ukweli mchafu namna ile.

Jumatatu, 18 Machi

Nimejaribu kuimba. Stoo, nimeziba mlango kwa robota. Mstari mmoja.

Mama Pindo kagonga: nani anaburuta kabati?

Jumanne, 19 Machi

Nimetembea mpaka kwake. Nusu saa, kama nilivyosema. Nyumba ina geti la bluu na ngazi tatu. Dirisha lilikuwa wazi, redio inazungumza ndani. Nikasimama ng'ambo ya barabara nikijifanya nasubiri mtu. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, mazuri, nilianza na "kaka". Kumwambia nini lakini? Nisamehe? Au naomba ubaki nyumbani Alhamisi? Nilipojiuliza lipi kati ya hayo mawili limenileta, sikuvuka barabara.

Pazia likatikisika. Nikaondoka karibu kukimbia. Mtu wa miaka hamsini na nne, mchana kweupe.

Jumatano, 20 Machi

Mimi siogopi vitu. Niliwahi kumtoa nyoka ndani ya kochi la mteja kwa mkono mtupu. Sawa, ulikuwa mkanda wa suruali, lakini nilidhani ni nyoka na nikautoa. Hii ya sasa ni nyingine. Naamka nimekaza meno.

Leo nilikuwa navisha kochi la mwisho. Mama Pindo kazima cherehani. Akizima cherehani kabla ya saa kumi ujue kuna jambo.

Akasema, "Chumvi, nimefanya kazi na wewe miaka kumi na moja. Ukipiga stepla unapiga mluzi. Unajua?"

Nikasema sijui.

"Ule wa mwisho wa tangazo. Kila siku. Unaupiga vizuri kuliko redio, na huongezi hata punje ya chumvi. Miaka kumi na moja nasikia unajisifia koo. Huo mluzi hujajisifia hata siku moja. Nikajiuliza mbona."

Nikaweka stepla mbili mahali pa moja.

"Sikuulizi," akasema. "Mimi nina pindo zangu. Ila yule binti atakaa mbele ya kamera na uso wake, si wako."

Akawasha cherehani. Hakuniangalia tena mpaka jioni. Wakati wa kuondoka akanipa shati langu. Alikuwa ameona kola imechanika, akalishona, akalipiga pasi. La kuvaa kesho.

Alhamisi, 21 Machi. Saa nne na robo asubuhi

Studio. Korido. Nimekaa kwenye benchi, daftari kwenye goti, na juu yake tamko. Ukurasa mmoja. Mstari wa jina, mstari wa saini. Kalamu ninayo. Naandika huku badala ya kule.

Ni ile ile ya ndoo mbili. Jengo limepakwa rangi mpya, ngazi zimewekewa vigae, sikuitambua. Lakini mlango wa chumba cha kurekodia ulipofunguliwa nikaona ukuta wa kushoto. Kitambaa cha kahawia. Wamebadilisha kuta tatu, ule wameuacha. Safu ya misumari iliyonyooka kama rula ni ya Kinanda. Iliyopinda kuelekea chini ni yangu. Miaka thelathini imekaa pale inaonyesha.

Kasuku yumo ndani na beseni lake. Amevaa gauni la kliniki, Bwana Wazo kalipenda. Kabla hajaingia aliniuliza mbona unatetemeka mjomba. Nikasema baridi ya mashine. Akavua skafu yake akanifunga shingoni. Alifunga vizuri sana, mafundo mawili.

Saa nne na nusu

Bwana Wazo katokeza kichwa. "Mzee wetu, umeshasaini? Tunakuita baada ya dakika kumi." Nikanyanyua kalamu juu aione.

Nikimwambia ukweli Kasuku sasa hivi, mlangoni, anarudi mapokezi Jumatatu. Nikisaini, atauimba uongo wangu mwaka mzima na uso wake. Hakuna njia ya tatu. Nimeitafuta wiki mbili, mimi ninayejua kutafuta.

Saa nne na dakika arobaini

Amekuja.

Nimesikia hatua kabla sijamwona. Amekonda. Koti safi, viatu vimepigwa rangi. Kitambaa cheupe shingoni, kimefungwa nadhifu, na mimi hapa na skafu shingoni, kama watu wawili waliovaa sare. Nikasimama. Maneno yote niliyoyapanga ng'ambo ya barabara hakuna hata moja lililokuja. Nikasema, "Kaka." Akaitikia kwa kichwa mara moja, akaketi. Benchi hili hili. Kati yetu pana nafasi ya mtu mmoja.

Mlango haujafungwa vizuri, wameuwekea kebo. Kasuku ameanza. Naandika ili nisimwangalie huyu mtu.

Sugua. Anaimba chini kuliko alivyoimba kwenye ngazi. Suuza. Kiganja cha Kinanda kipo kwenye goti, kidole kimoja kinapiga. Hakijachelewa hata mara moja. Anika. Amefumba macho. Midomo inakwenda. Nasikia pumzi yake tu, inatoka pale shingoni, ndogo, na inafuata wimbo. Inapanda wimbo ukipanda. Jua limalizie.

Ikafika ile nafasi ya mwisho. Ndani kimya. Hawajaweka kitu pale, wananisubiri mimi.

Kinanda amefumbua macho. Anaangalia mdomo wangu. Ananyanyua kidole, vile vile kama siku ile, ananiashiria.

Nimelamba midomo. Mikavu. Nimepuliza, imetoka hewa tupu.

Hajacheka, hajakasirika. Amesogea, ile nafasi ya mtu mmoja haipo tena. Ameliona tamko gotini mwangu, amelisoma polepole mpaka chini pasipo na saini. Anapapasa mfuko wa koti, anatoa kijikaratasi, anapapasa mfuko mwingine, hana cha kuandikia.

Ndani Bwana Wazo anasema safi sana, muiteni mjomba. Nasikia Kasuku anavua hedifoni, anakuja mwenyewe, anaimba njiani.

Mkono wa Kinanda umenyooka mbele yangu, kiganja juu. Vidole vinaandika hewani. Kalamu anayoitaka ndiyo hii.